Alhamisi Saa Kumi na Nusu

Baba yangu alivaa miwani kwa miaka kumi na tatu bila kuwa na tatizo lolote la macho. Naanza na hilo ili ujue mapema ninayemsimulia ni mtu wa aina gani, na mimi niliyeishi naye nyumba moja bila kushtuka ni mtu wa aina gani.

Alikuwa msimamizi wa zamu katika chumba cha kufulia cha hospitali. Tunasema chumba, lakini ni vyumba vitatu vilivyofuatana, nyuma kabisa, kati ya jiko na ukuta wa uzio. Cha kwanza kina mashine nne za kufulia zinazotetemesha sakafu. Cha pili kina pasi ya roli, ndefu kama kitanda, inayomeza shuka bichi upande huu na kulitoa upande ule limenyooka na linatoa mvuke. Cha mwisho, chenye mlango wa chuma, kina vikaushio vitatu. Ukifanya kazi mle kwa muda mrefu unazoea kupaza sauti, na hata ukirudi nyumbani husikii tena kwamba unapaza. Baba alikuwa akiomba chumvi mezani kama mtu anayesimamisha gari.

Kazini walimwita Balozi. Jina hilo alilipata nilipokuwa na miaka minane. Madaktari wageni walikuwa wakizungushwa hospitali nzima, wakafika hadi kule nyuma, na mkubwa wao akauliza swali kwa Kiingereza. Wafuaji wote wakainama kutazama viatu vyao. Baba akajitosa. Alikuwa na sentensi mbili alizozishika redioni, moja ya kumkaribisha mgeni na nyingine ya kumhakikishia kwamba mambo yote yako sawa, akazitoa zote mbili kwa mpigo. Mgeni akafurahi, akampa mkono, akaendelea kuongea naye dakika tano nzima, na Baba akaitikia kwa kichwa kila palipoonekana panafaa kuitikia. Watu walikaa mdomo wazi. Mwaka uliofuata msimamizi wa zamani alistaafu, na hakuna aliyeuliza kiti apewe nani.

Matangazo ya ofisi yalikuwa yanakuja kwa Kiingereza. Baba alikuwa akiyakunja mara nne, anayaleta nyumbani mfukoni, ananiita. "Hebu nisomee, mwanangu. Macho yangu leo mabaya." Nilikuwa na miaka tisa. Nasoma, natafsiri, pale nisipojua nabuni, yeye anasikiliza huku amefumba macho yake mabaya. Kesho yake alikuwa akisimama mbele ya wafuaji, miwani juu ya paji la uso, anawaeleza tangazo neno kwa neno. Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba mumewe anaongea na wageni bila mkalimani. Mkalimani alikuwa jikoni anamenya viazi.

Siku hizi nafanya kazi katika duka la kutoa kopi. Nachapa barua za watu, maombi ya kazi, wasifu, malalamiko. Kiingereza nakijua, na najua kwamba nakijua, na hilo la pili ndilo limeniletea aibu kuliko yote.

Mwaka jana tangazo jingine likaja. Nikamsomea kama kawaida. Kuanzia mwaka mpya, wasimamizi wote wa zamu wataandika ripoti zao wenyewe kwa Kiingereza kwenye kompyuta, na kabla ya hapo watafanya mtihani mdogo wa kuandika. Atakayeshindwa atapangiwa kazi nyingine. Baba akasema, "Sawa," akakunja karatasi, akaomba maji. Sikuona kitu.

Wiki tatu baadaye nikataka kuloweka koti lake la kazi, nikakuta daftari mfukoni. Daftari dogo la mistari, la shule ya msingi, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Ndani, kwa mwandiko mkubwa uliokandamizwa mpaka ukatokea ukurasa wa pili, kulikuwa na sentensi. *I am in the room. The cup is on the table. I am at the gate.* Wino mwekundu wa mwalimu ulikuwa umepita juu yake, alama sita kwa kumi.

Nilicheka. Najua unangoja niseme nililia, lakini nilicheka, tena kicheko cha kushika mbavu, na Baba akatokea mlangoni akanikuta na daftari mkononi. Hakukasirika. Alivua ile miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, akaiweka juu ya dirisha, na kwa jinsi alivyonitazama bila miwani nikaelewa jambo lote, tangu nikiwa na miaka tisa.

"Cheka tu, mama," akasema. "Ila usimwambie mama yako."

Alikuwa akienda darasa la watu wazima kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi na nusu jioni, katika shule ya msingi iliyo mtaa wa pili kutoka hospitalini. Alisema kazini amepewa ruhusa. Walikuwa tisa darasani, wamebanwa kwenye madawati ya watoto, magoti yamegusa kidevu. Mwalimu alikuwa binti mdogo kuliko mimi, aliyekuwa na sharti moja tu. Kila mmoja aandike kila siku sentensi tano za mahali alipokuwa na saa aliyokuwa hapo, na ziwe za kweli. "Msitunge," aliwaambia. "Mkitunga mtakariri. Mkiandika kweli mtaelewa."

Basi nikawa namfundisha alfajiri, kabla Mama hajaamka, maji ya kuoga yakichemka. Nakiri kwamba nilikuwa mwalimu mbaya. Niliguna, nilitikisa kichwa, nilisema "Baba, hii si tuliifanya jana?" kwa ile sauti ninayoitumia kwa wateja wanaokosea kujaza fomu. Na kwa kweli kazi ilikuwa ngumu. Sisi tumezoea kuambatisha *-ni* moja tu, mezani, chumbani, getini, hospitalini, na kila mtu anakuelewa. Wenzetu wanataka ujue kwanza kama uko juu ya kitu, ndani yake, au umesimama tu karibu nacho, na wakimaliza na mahali wanaanza na saa, siku na mwezi, kila kimoja na kineno chake.

"Kwa nini niko *in* mwezi wa sita, halafu niko *on* Jumanne?" aliuliza. "Jumanne nimeipanda?"

"Ndivyo ilivyo, Baba. Shika tu."

Na saa zilimtesa. Aliandika kwamba huondoka kazini *at ten o'clock*, maana yeye huondoka saa kumi. Mwalimu akamwandikia kwa wino mwekundu: saa nne ya usiku? Baba alinionyesha huku akicheka hadi machozi, siku moja kati ya siku chache alizocheka mwenyewe. Alama zikapanda, saba, kisha nane. Alianza kutembea na daftari kwenye mfuko wa ndani wa koti, na njiani midomo yake ilikuwa ikicheza kama mtu anayehesabu tasbihi.

Sasa nieleze jambo moja la kule kazini, maana bila hilo hutanielewa. Katika chumba cha pili, juu ya kabati la mashuka, kuna kitabu cha makabidhiano. Msimamizi wa mchana anaandika saa anayotoka, kila mashine ilivyo, imezimwa au inaenda, anatia sahihi. Wa jioni anatia sahihi chini yake, na kazi imehamia kwake. Kwenye karatasi ndivyo hivyo. Kwa vitendo, watu wa kule wana desturi yao. Mwenye udhuru anatia sahihi mapema, anaandika saa kumi na mbili ikiwa bado saa kumi, anamnong'oneza mwenzake mambo yaliyobaki, anatoweka. Wote wamefanya hivyo. Mwenye mtoto mgonjwa kafanya, mwenye miadi ya fundi kafanya. Ni fadhila, na hakuna anayeihesabu.

Wa jioni, aliyeingia saa sita mchana akafanya kazi kwenye roli mpaka akabidhiwe, alikuwa mwanamke tunayemwita Mama Pasi, kwa sababu roli ile alikuwa akiiendesha kabla mimi sijazaliwa. Mfupi, mpana wa mabega, sauti nzito, mikono yenye madoa ya kuungua ya zamani hadi kwenye viwiko. Kila Jumanne na Alhamisi Baba alikuwa akitia sahihi mapema, anamwambia, "Namba tatu usiisahau." Kikaushio namba tatu saa yake ilikuwa mbovu, hakizimi chenyewe, lazima mtu akizime kwa mkono. Mama Pasi alikuwa akijibu, "Nenda zako, Balozi." Hakuwahi kumuuliza anakwenda wapi. Na ile ruhusa aliyoniambia Baba haikuwepo. Ruhusa yake ilikuwa Mama Pasi.

Alhamisi moja ya mwezi wa kumi darasa lao lilikuwa na jaribio. Baba alijaza namba tatu saa tisa na nusu, mashuka ya chumba cha upasuaji, akaiwasha. Saa kumi akatia sahihi kwamba saa kumi na mbili ameacha mashine zote zimezimwa. Akatoka midomo ikicheza. Hakumwambia Mama Pasi lolote.

Mama Pasi alikuwa mbele, kwenye roli, kelele ya roli masikioni, mlango wa chuma umefungwa nyuma yake. Kitabu kilimwambia vikaushio vimezimwa. Saa kumi na mbili na nusu akaona moshi unatoka chini ya mlango. Aliingia na kizima moto peke yake, akauzima moto kabla haujashika paa, akaungua kiganja. Mashuka na magauni ya upasuaji yaliteketea yote, na wagonjwa saba waliokuwa wamezuiwa kula tangu usiku waliambiwa warudi nyumbani, wapasuliwe wiki inayofuata. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka minne. Sikuyajua hayo wakati ule. Siku ile Baba alirudi na alama tisa kwa kumi, akanionyesha kwa siri nyuma ya mlango wa jikoni, na mimi nikampigia makofi bila sauti.

Ijumaa alirudi uso umemshuka. "Mama Pasi kasahau kikaushio," akatuambia mezani. "Kimeungua. Wamemsimamisha kazi."

"Masikini," Mama akasema. "Lakini wewe umo?"

"Mimi nilikabidhi saa kumi na mbili kimezimwa. Kitabu kipo."

Nikamwonea huruma Mama Pasi, nikamaliza kula.

Asubuhi ya Jumamosi Baba hakutaka mazoezi. Jumapili hakutaka. Jumanne hakwenda darasani, na nikadhani ameanza kiburi kwa sababu ya ile tisa. Jumatano alfajiri nikalichukua daftari mwenyewe mfukoni nimtafutie makosa ya kurudia, maana siku hizo nilikuwa na raha sana ya kutafuta makosa. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa Alhamisi. Sentensi tano, za kweli kama mwalimu alivyotaka. *On Thursday at half past four I am in the class. At five o'clock I am at the board. At six o'clock I am at the gate of the school.* Saa kumi na nusu yuko darasani, saa kumi na moja yuko ubaoni, saa kumi na mbili yuko kwenye geti la shule. Chini, tarehe na sahihi ya mwalimu kwa wino mwekundu.

Nilikaa kwenye ndoo iliyofunikwa. Baba akaingia na taulo begani, akaona ukurasa nilioushika.

"Nani alikizima kikaushio saa kumi na mbili, Baba?"

Akatazama mlango wa chumba alicholala Mama.

"Nilisahau kumwambia," akasema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikamsikia baba yangu anaongea kwa sauti ndogo. "Waliniita ofisini wakaniuliza, ndivyo kitabu kilivyoandikwa? Nikasema ndivyo kilivyoandikwa. Basi. Sikusema neno jingine. Nikisema sikuwepo, wataniuliza nilikuwa wapi."

"Na yeye kasemaje?"

"Kasema yeye hakukiwasha. Wakamuuliza nani. Akanyamaza."

Hapa ningependa kukuambia kwamba nilimhimiza baba yangu akaseme kweli. Nilikuwa na nafasi hiyo, maji yanachemka, hakuna mwingine aliyekuwa anatusikia. Nilifikiria wenzangu dukani ambao nimewatambia kuhusu baba yangu. Nilifikiria Mama na majirani zake. Nilimwona Baba amesimama mbele ya wakubwa akikiri kwamba saa kumi na nusu Balozi alikuwa kwenye dawati la mtoto anajifunza kusema kikombe kiko mezani, na uso ukaniwaka moto kana kwamba ninayevuliwa nguo ni mimi.

"Nyamaza tu, Baba," nikasema. "Yule ni mkongwe pale. Watampa onyo atarudi. Litapita."

Nadhani alitumaini nitasema jingine. Kisha akachukua ndoo ya maji akaenda kuoga, nami nikalirudisha daftari kwenye koti.

Halikupita. Alhamisi ya wiki ile Baba alirudi na bahasha. "Nisomee," akasema, bila kutaja macho. Barua ilikuwa ya Mama Pasi. Ofisi ilimpa yeye, msimamizi, aipeleke kwa mkono na kumweleza yaliyomo, kwa kuwa mwenyewe hajui Kiingereza. Nikaisoma. Baada ya uchunguzi imeonekana kwamba uzembe ni wake. Ijumaa saa tatu asubuhi afike ofisini kusikilizwa kwa mara ya mwisho kabla ya kuachishwa kazi, na kama ana shahidi aje naye. Akiachishwa hivyo, kiinua mgongo cha miaka yote hana.

Baba aliniomba nimsindikize. Tukaenda jioni ileile. Mama Pasi anakaa chumba kimoja na sebule ndogo, pazia safi, kila kitambaa mle ndani kimepigwa pasi, hata kitambaa cha kufunikia redio. Kiganja chake kilikuwa kimefungwa bandeji. Akatukaribisha viti, akatuletea maji kwa mkono mmoja, bilauri moja moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekua. Haya, Balozi, wanasemaje?"

Baba akafungua bahasha, akateremsha miwani kutoka paji la uso hadi machoni, akamsomea barua kwa Kiswahili, mstari kwa mstari, jinsi nilivyomsomea saa moja iliyopita. Alikuwa hodari. Hakuruka hata neno. Alipofika pale pa shahidi alirekebisha miwani, akaendelea.

Mama Pasi alisikiliza huku akimtazama usoni. Barua hakuitazama hata kidogo. "Na wewe kesho utakuwepo?" akauliza.

"Nitakuwepo. Msimamizi lazima awepo."

"Aa. Sawa."

Akamwongezea Baba maji. Baba akamaliza maji yake, akasema, "Basi, dada, tuombe Mungu." Tukaaga. Nilimshukuru kwa maji. Nyumbani Baba alikaa uani amevaa viatu mpaka Mama akatoka kumuuliza kama anaumwa.

Asubuhi alinikuta jikoni. Alikuwa amevaa koti la kazi lililopigwa pasi, na daftari ameshalitoa mfukoni, analo mkononi. Miwani hakuwa nayo.

"Twende wote," akasema. "Umenificha tangu ukiwa mtoto. Leo uje unione."

"Baba, si lazima waone hilo daftari. Sema tu ulitoka mapema."

"Hawataniamini. Wataona namtetea mwenzangu."

Alikuwa amewajua vizuri. Chumba cha mikutano kilikuwa na meza ndefu, feni, mkuu wa utawala katikati, na maofisa wawili pembeni, mmoja wa kike na kompyuta, na mmoja wa kiume mwenye tai, yule aliyependa kupitia chumba cha kufulia kila asubuhi akimsalimia Baba kwa Kiingereza cha mbwembwe ili watu wacheke. Mama Pasi alikuwa ameketi peke yake, mkono uliofungwa juu ya mapaja. Mimi nilikaa karibu na mlango. Mkuu aliniuliza mimi ni nani, Baba akajibu kabla yangu. "Ni shahidi wangu," akasema. Kisha akasimama akaeleza kila kitu. Kwamba alitia sahihi saa kumi, kwamba namba tatu aliiwasha yeye, kwamba hakumwambia mtu.

Mkuu wa utawala alitabasamu kwa uchovu. "Balozi, moyo wako ni mzuri. Lakini kitabu kina sahihi yako ya saa kumi na mbili, na wiki iliyopita ulithibitisha hapahapa. Unataka kumwokoa mwenzako, tunaelewa."

"Nilidanganya."

"Ulikuwa wapi, basi?"

Baba akaliweka daftari mezani. Mkuu akalifungua, akalitazama mbele na nyuma, akaona lile jedwali la kuzidisha. "Hili ni la mtoto wako?"

"La kwangu. Ukurasa wa mwisho. Una tarehe na sahihi ya mwalimu. Mnaweza kumpigia simu."

"Soma," mkuu akasema. Sidhani alikuwa na nia mbaya. Nadhani hakuwa ameelewa tu.

Baba akasoma. Alishika daftari kwa mikono miwili, akasoma kwa sauti yake ya mashine, neno moja moja, kidole kikifuata, mbele ya watu waliomwita Balozi miaka kumi na tatu. *On Thursday. At half past four. I am. In the class.* Yule wa tai akacheka. Kilimtoka puani, akajidai anakohoa. Nilikijua kicheko kile. Ndicho nilichocheka mimi, na koti lake liko miguuni pangu. Baba alisita, shingo ikajaa mishipa, halafu akaendelea mpaka sentensi ya tano, akalifunga daftari, na akabaki amesimama kwa sababu hakuna aliyemwambia akae.

Ilichukua muda. Yule ofisa wa kike akatoka kupiga simu, akarudi akaitikia kwa kichwa. Mkuu akamgeukia Mama Pasi.

"Wewe ulijua hakuwepo?"

"Si sahihi yake iko juu ya yangu? Niliiona saa kumi."

"Na alikokwenda ulikujua?"

"Nilikujua. Daftari lilidondoka kabatini mwezi wa nane. Nikalirudisha kwenye koti lake."

"Sasa kwa nini hukusema? Tulikuwa tunakufukuza kazi, mama!"

"La kwangu nililisema. Sikukiwasha. Hilo jingine ni la kwake."

Mama Pasi alirudishwa kazini siku ileile. Baba alipewa onyo la maandishi na kuvuliwa usimamizi, akaambiwa Jumatatu aripoti kwenye mashine za kufulia, chini ya kijana atakayeletwa kutoka stoo. Habari ilifika nyumbani kabla yetu. Kwa wiki kadhaa Mama alikwenda sokoni kwa njia ya nyuma.

Lakini kabla ya nyumbani kulikuwa na korido. Tulitoka ofisini wote watatu, Mama Pasi mbele, na Baba akaongeza hatua akamfikia karibu na ngazi.

"Dada," akasema. "Nisamehe."

Mama Pasi akasimama. Nilidhani atasema yameisha, kama watu wanavyosema, na nilitaka sana aseme hivyo, nimechoka, nataka twende nyumbani.

"Mimi kazi sikuiogopa, Balozi," akasema, kwa upole kabisa. "Nilikuwa nakungoja wewe. Ijumaa ile nikasema leo atakuja. Jumamosi nikasema atakuja. Nimepiga pasi kila kitambaa ndani ya nyumba nakungoja. Jana nikasikia mtu anabisha, nikachungulia, ni wewe. Nikasema moyoni, afadhali, amekuja. Ukakaa. Ukanisomea barua. Ukanywa maji, ukaaga."

Baba alikuwa anatazama ile bandeji.

Kisha Mama Pasi akanigeukia mimi. Macho yake hayakuwa na hasira, na ingekuwa heri yangekuwa nayo.

"Na wewe ulikuwepo," akasema.

Akashuka ngazi kwenda kubadilisha nguo, zamu yake ilikuwa inaanza saa sita.